Nani Bado Yumo? Kuuliza Uanachama wa Akaunti za Wingu kwa SQL

Mwezi Aprili 2018 mhandisi mmoja aliacha kazi katika kampuni ya Cisco ya Marekani. Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Septemba, aliingia bila ruhusa kwenye mifumo ya Cisco iliyokuwa ikiendeshwa ndani ya Amazon Web Services, yaani AWS, akaachia programu iliyofuta mashine pepe 456. Mashine hizo ndizo zilizokuwa zikibeba WebEx Teams, huduma ya Cisco ya mikutano na mawasiliano. Akaunti zaidi ya 16,000 zilizimika, nyingine kwa muda wa hadi wiki mbili. Cisco ilitumia takriban dola milioni 1.4 kwa muda wa wafanyakazi waliokarabati uharibifu, na ikawarudishia wateja zaidi ya dola milioni 1. Desemba 2020 mahakama moja huko California ilimhukumu kifungo cha miezi 24.

Wengi huisoma kesi hii kama habari ya uhalifu. Kwa anayesimamia mifumo, kinachouma ni ile miezi mitano. Ni nani asiye mtumishi wetu tena ambaye bado ana njia ya kuingia? Swali hili lingeweza kuulizwa siku yoyote kati ya Aprili na Septemba, na linaweza kuulizwa leo katika benki, hospitali, chuo au kampuni changa yoyote inayoweka mifumo yake kwenye wingu. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi hazina mahali pa kuliulizia. Ukurasa wa usimamizi wa wingu umejengwa kwa ajili ya kumtazama mtumiaji mmoja baada ya mwingine, na jibu tunalolitaka halimo kwa mtumiaji mmoja. Limo katika uhusiano kati ya watumiaji, vikundi, sera na funguo, na mara nyingi zaidi limo katika kile kinachokosekana: asiye na kikundi, asiyewahi kuingia, asiyemo kwenye orodha ya mishahara.

Kutafuta uhusiano na mapengo ni kazi ambayo SQL iliumbwa kuifanya. Edgar Codd wa IBM alieleza nadharia ya data ya mahusiano mwaka 1970, na mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaitungia lugha ambayo hata asiye mwandishi wa programu angeweza kuitumia kuuliza maswali. Leo hufundishwa katika karibu kila kozi ya kompyuta, kwa hiyo mhasibu, mkaguzi wa ndani au mtunza takwimu aliyewahi kuandika SELECT anaweza kuufuata mwongozo huu. Nitatumia AWS kama mfano kwa sababu mpangilio wake wa uanachama ni rahisi kueleweka, halafu nitagusa huduma nyingine pale zinapotofautiana nayo.

Uanachama umehifadhiwaje

Huduma ya AWS inayotunza watumiaji inaitwa IAM. Ndani yake kuna watumiaji, vikundi, na sera. Sera ni hati inayotaja kinachoruhusiwa na kinachokatazwa. Mtumiaji mmoja anaweza kuwa katika vikundi visivyozidi 10, na kikundi hakiwezi kuwekwa ndani ya kikundi kingine. Kuna pia majukumu, ambayo ni vitambulisho vya muda: mtu hulichukua jukumu, hufanya kazi kwa mamlaka yake, kisha huliacha.

Kutokana na mpangilio huo, mamlaka humfikia mtu kwa njia kadhaa. Sera inaweza kubandikwa kwake moja kwa moja, inaweza kuandikwa ndani ya akaunti yake bila kusimama kama sera ya peke yake, inaweza kumjia kupitia kikundi, au anaweza kuruhusiwa kuchukua jukumu lenye nguvu kuliko yeye. Orodha ya majina matupu haisemi lolote kati ya hayo. Unaweza kuona mtumiaji asiye na sera hata moja ukamdhania hana uwezo, kumbe amekaa katika kikundi chenye mamlaka yote ya akaunti.

Kila mtumiaji ana pia milango miwili tofauti. Mmoja ni nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa wa usimamizi. Mwingine ni funguo za programu, ambazo ni namba ndefu za siri zinazotumiwa na mashine na hati za amri. Mtumiaji anaruhusiwa kuwa nazo mbili kwa wakati mmoja. Ukimfungia mtu nenosiri, funguo zake zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Nasisitiza hili kabla ya swali lolote la SQL kwa sababu ndilo husahaulika siku mtumishi anapoaga: mlango wenye kibao hufungwa, wa nyuma hubaki wazi.

Kuigeuza huduma iwe majedwali

Data hii haimo katika hifadhidata unayoweza kuifungua moja kwa moja. Hutolewa vipande vipande kupitia API, yaani mlango ambao programu hutumia kuiuliza huduma. Programu huria iitwayo Steampipe, iliyotolewa na kampuni ya Turbot mwaka 2021, inaziba pengo hilo. Imejengwa juu ya PostgreSQL na hutumia uwezo wa PostgreSQL wa kusoma data iliyoko nje kana kwamba ni jedwali lake. Unapoandika SELECT, Steampipe huiuliza API ya AWS, hupanga majibu katika mistari na safu, kisha hukupa jedwali. Hakuna nakala ya kudumu iliyohifadhiwa mahali. Unasoma hali ya sasa. Ipo pia programu ya CloudQuery, ambayo hufanya kinyume: hunakili data yote kwanza na kuiweka ndani ya hifadhidata yako, ukaihoji baadaye. Kwa ofisi yenye akaunti nyingi sana hiyo ya pili inaweza kufaa zaidi. Kwa anayeanza, Steampipe inatosha.

Baada ya kuiweka kwenye kompyuta, amri ni mbili:

```
steampipe plugin install aws
steampipe query
```

Kabla ya kuziandika, shughulikia kitambulisho utakachokitumia. Kazi hii ni ya kusoma tu, kwa hiyo usiifanye kwa akaunti yenye mamlaka ya kubadilisha. AWS ina sera iliyo tayari inayoitwa SecurityAudit, inayoruhusu kusoma mipangilio ya usalama. Ipo nyingine, ReadOnlyAccess, ambayo jina lake linaonekana la upole, lakini inaruhusu pia kusoma mafaili yenyewe yaliyohifadhiwa kwenye S3, ghala la mafaili la AWS. Mkaguzi wa uanachama hana haja ya kusoma mafaili ya wagonjwa au ya wateja. Chagua SecurityAudit.

Jambo jingine la kukumbuka mapema: Steampipe hutunza majibu kwa dakika 5 ili isiisumbue API kila mara. Ukimwondoa mtu kwenye kikundi na kurudia swali papo hapo, utamwona bado yumo. Andika `.cache clear` kisha uulize upya.

Maswali yenyewe

Anza na picha ya jumla.

```
select name, create_date, password_last_used, mfa_enabled
from aws_iam_user
order by password_last_used nulls first;
```

Hapa unapata jina, tarehe ya kuundwa, mara ya mwisho nenosiri kutumika, na kama mtu amewasha uthibitisho wa hatua mbili. Yale maneno `nulls first` yana kazi kubwa. Ukiyaacha, PostgreSQL hupanga tarehe za zamani juu na kuwaweka wasio na tarehe yoyote mwisho kabisa wa orodha, mahali ambapo macho yaliyochoka hayafiki. Na hao wasio na tarehe ndio wa kutazamwa kwanza.

NULL katika safu hiyo ina maana zaidi ya moja. Inaweza kuwa mtumiaji hajawahi kuwa na nenosiri, kwa mfano akaunti iliyoundwa kwa ajili ya programu. Inaweza kuwa analo na hajalitumia kamwe. Inaweza pia kuwa aliingia mara ya mwisho kabla ya tarehe 20 Oktoba 2014, siku AWS ilipoanza kuweka kumbukumbu hiyo. Hali hizi hazifanani, kwa hiyo usimfute mtu kwa sababu ya NULL. Nenda ukaulize.

Kosa la kawaida zaidi katika kazi hii yote limejificha hapo hapo. Mtu anataka watumiaji ambao hawajaingia kwa siku 90, anaandika hivi:

```
where password_last_used < now() - interval '90 days'
```

Linaonekana sahihi, linarudisha mistari, na linadanganya kwa kunyamaza. Katika SQL, kulinganisha NULL na chochote hakutoi kweli wala uongo; hutoa hali ya tatu, isiyojulikana, na WHERE huutupa mstari wa namna hiyo. Kila ambaye hajawahi kuingia anatoweka kwenye ripoti. Ripoti inakwenda kwa mkurugenzi ikisema akaunti zilizolala ni chache, na kumbe zilizolala zaidi ya zote hazimo. Sharti liwe hivi:

```
where password_last_used is null
   or password_last_used < now() - interval '90 days'
```

Sasa vikundi. Steampipe huweka vikundi vya mtumiaji katika safu moja ya JSON inayoitwa `groups`, na kazi yako ni kuifungua ili kila uanachama uwe mstari wake.

```
select u.name as mtumiaji,
       v.k ->> 'GroupName' as kikundi
from aws_iam_user as u
cross join jsonb_array_elements(u.groups) as v(k)
order by kikundi, mtumiaji;
```

Mtumiaji aliye katika vikundi vitatu ataonekana mara tatu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mstari mmoja ni uanachama mmoja. Lakini asiye katika kikundi chochote hataonekana kabisa, kwa sababu hakuna kipande cha kumuunganisha nacho. Hao nao ni watu muhimu. Mtumiaji asiye na kikundi ni ama aliyesahauliwa au, mbaya zaidi, aliyepewa mamlaka yake binafsi nje ya utaratibu. Wapate hivi:

```
select u.name, u.attached_policy_arns
from aws_iam_user as u
left join lateral jsonb_array_elements(u.groups) as v(k) on true
where v.k ->> 'GroupName' is null;
```

LEFT JOIN huhifadhi upande wa kushoto hata kulia kusipokuwa na kitu, na WHERE ya mwisho inabakiza wale tu waliokosa kulia. Ukijifunza kitu kimoja cha SQL kwa ajili ya ukaguzi, jifunze umbo hili.

Tukija kwenye mamlaka makubwa, sera ya AWS inayoitwa AdministratorAccess inamruhusu aliyenayo kufanya karibu kila kitu ndani ya akaunti. Tunataka majina ya wote walionayo, na njia iliyowafikisha hapo.

```
with njia as (
  select u.name as mtumiaji,
         'moja kwa moja' as chanzo,
         s.sera
  from aws_iam_user as u
  cross join jsonb_array_elements_text(u.attached_policy_arns) as s(sera)
  union all
  select m.mtu ->> 'UserName',
         g.name,
         s.sera
  from aws_iam_group as g
  cross join jsonb_array_elements(g.users) as m(mtu)
  cross join jsonb_array_elements_text(g.attached_policy_arns) as s(sera)
)
select mtumiaji, chanzo
from njia
where sera = 'arn:aws:iam::aws:policy/AdministratorAccess'
order by mtumiaji;
```

Sehemu ya kwanza inakusanya waliobandikwa sera wao wenyewe, ya pili inakusanya walioipata kupitia kikundi, na UNION ALL inaziweka pamoja. Safu ya `chanzo` ndiyo yenye faida zaidi. Mtu anayetokea mara mbili, kwa njia ya moja kwa moja na kwa njia ya kikundi, ukimtoa kwenye kikundi hujamtoa kwenye mamlaka. Nimechagua UNION ALL badala ya UNION kwa makusudi, ili njia yoyote isifutwe kwa kudhaniwa ni marudio.

Swali hili halioni kila kitu. Sera iliyoandikwa na ofisi yenyewe inaweza kutoa nguvu ileile kwa jina jingine, na ruhusa ya kuchukua jukumu haimo humu. Lichukue kama hatua ya kwanza, na usimwambie mkaguzi kwamba hiyo ndiyo orodha kamili ya wenye nguvu.

Yupo pia mmoja ambaye haonekani kwenye jedwali la `aws_iam_user` hata ufanye nini: mmiliki wa akaunti, yule aliyejisajili kwa barua pepe siku ya kwanza. Huyo yuko juu ya sera za watumiaji. Kumpata, tumia kwanza programu ya amri ya AWS, nje ya Steampipe, kuagiza ripoti ya vitambulisho, ambayo AWS huitengeneza upya si zaidi ya mara moja kila saa 4, kisha uisome:

```
aws iam generate-credential-report
```

```
select user_name, mfa_active, password_last_used
from aws_iam_credential_report
where user_name = '<root_account>';
```

Jibu unalolitaka ni `mfa_active` iwe kweli, na tarehe ya kutumika iwe ya zamani. Mmiliki wa akaunti anayeingia kila wiki ni dalili kwamba kazi za kila siku zinafanywa kwa ufunguo usiopaswa kutoka kabatini.

Kwa funguo za programu, swali ni la aina ileile:

```
select user_name, access_key_id, create_date,
       access_key_last_used_date
from aws_iam_access_key
where status = 'Active'
  and (access_key_last_used_date is null
       or access_key_last_used_date < now() - interval '90 days');
```

Mabano yasiachwe. Bila mabano, AND hushika kabla ya OR na funguo zilizokwisha kuzimwa zitachanganyika na zilizo hai. Ufunguo ulio hai na hautumiki hauna faida kwa yeyote isipokuwa atakayeuokota. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye data ya Uber, taarifa za watu milioni 57, kwa kutumia ufunguo wa AWS waliouona ndani ya msimbo uliohifadhiwa GitHub. Ufunguo wa kudumu wa AWS huanza na herufi AKIA. Zitafute pia kwenye msimbo wa ofisi yako.

Kulinganisha na orodha ya watumishi

Kwa maoni yangu hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote yaliyotangulia, na ndilo lisiloulizwa, kwa kuwa majibu yake yamo katika idara mbili zisizozungumza. Idara ya rasilimali watu inajua nani yuko kazini. Idara ya TEHAMA inajua nani ana akaunti. Omba kwa ile ya kwanza faili la CSV lenye safu moja tu ya majina ya akaunti ya watumishi waliopo. Huhitaji mishahara, namba za simu wala tarehe za kuzaliwa, na usizipokee hata wakikupa. Steampipe ina programu jalizi ya CSV inayoligeuza faili kuwa jedwali kwa jina la faili lenyewe. Tuseme ni `watumishi`, na safu ni `akaunti`.

```
select u.name, u.create_date, u.password_last_used
from aws_iam_user as u
where not exists (
  select 1
  from watumishi as w
  where lower(trim(w.akaunti)) = lower(u.name)
);
```

`lower` na `trim` zimo kwa sababu faili lililoandikwa kwa mkono huwa na herufi kubwa mahali pasipotarajiwa na nafasi tupu mwishoni mwa jina. Wengine huandika swali hili kwa NOT IN. Ni fupi zaidi, ila kama safu ya upande wa pili ina NULL hata moja, NOT IN hairudishi mstari wowote, bila onyo la kosa. Unaona ukurasa mtupu, unafurahi kwamba hakuna aliyezidi, na sababu halisi ni pengo moja kwenye faili. NOT EXISTS haina udhaifu huo.

Watakaotokea si wote walioacha kazi. Utakuta akaunti za mashine: ya nakala rudufu, ya mfumo wa malipo, ya programu inayotuma ripoti usiku. Kila moja ya hizo iwe na mwenyewe anayejulikana, binadamu mwenye jina, aliyeandikwa kwenye lebo ya akaunti. Akaunti ya mashine isiyo na mwenyewe inapaswa kukusumbua sawasawa na ya mtu aliyeondoka, kwa kuwa hakuna wa kumuuliza ikianza kufanya jambo geni.

Orodha unayoipata ni taarifa binafsi za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019; zote zinamgusa anayekusanya majina na kumbukumbu za kuingia za watumishi. Usiitume orodha kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Ihifadhi mahali palipofungwa, na ifutwe ikishamaliza kazi yake.

Pale vikundi vinapokaa ndani ya vikundi

AWS yenyewe inashauri watumishi wa kawaida waingie kupitia IAM Identity Center, huduma iliyoitwa AWS SSO hadi Julai 2022. Ofisi iliyohamia huko itakuta jedwali la `aws_iam_user` karibu tupu, na watu wake wamo kwenye hazina ya utambulisho, ambamo uanachama ni jozi ya namba: namba ya kikundi na namba ya mwanachama. Hilo ni jedwali la kiungo kama lile unalolijua darasani, na JOIN mbili zinarudisha majina.

Ugumu unaongezeka kwa Google Workspace na Microsoft Entra ID, iliyoitwa Azure AD hadi mwaka 2023. Huko kikundi kinaweza kuwa mwanachama wa kikundi. Kikundi cha "fedha" kinaweza kuwa na watu watano wanaoonekana, na mwanachama wa sita akawa ni kikundi cha "wakaguzi wa nje", ambacho nacho kina watu ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. JOIN ya kawaida hushuka ngazi moja tu. Unahitaji swali linalojirudia lenyewe. Ukiwa na jedwali la `wanachama` lenye safu mbili, `kikundi` na `mwanachama`, andika:

```
with recursive ndani as (
  select mwanachama
  from wanachama
  where kikundi = 'fedha'
  union
  select w.mwanachama
  from wanachama as w
  join ndani as n on w.kikundi = n.mwanachama
)
select mwanachama from ndani;
```

Hapa ni lazima iwe UNION, si UNION ALL. Ikitokea kikundi A kimo ndani ya B na B kimo ndani ya A, UNION hutupa marudio na swali husimama; UNION ALL ingezunguka bila kikomo.

Kumbukumbu ya jana

Maswali yote hadi hapa yanaona sasa tu. Mtu aliyeingizwa kwenye kikundi cha wasimamizi Jumanne na kutolewa Jumatano haonekani Ijumaa. Kwa hiyo weka picha ya uanachama mara kwa mara. Mara moja kwa wiki ni mwanzo mzuri. Hifadhi lile swali la vikundi kwenye faili, kisha:

```
steampipe query uanachama.sql --output csv > wiki_hii.csv
```

Picha mbili zikishaingizwa kama majedwali, tofauti yake ni mistari mitatu:

```
select mtumiaji, kikundi from wiki_hii
except
select mtumiaji, kikundi from wiki_iliyopita;
```

Hao ni walioongezwa. Geuza majina ya majedwali upate walioondolewa. Kwa kila aliyeongezwa, tafuta aliyemwongeza kwenye CloudTrail, huduma ya AWS inayoweka kumbukumbu za matukio; tukio lenyewe linaitwa AddUserToGroup. Historia ya CloudTrail isiyolipiwa hurudi nyuma siku 90 pekee, na matukio ya IAM huonekana katika eneo la us-east-1, Virginia, hata kama seva zako zote ziko Cape Town. Wengi huangalia eneo lao, wakakuta patupu, wakaamua hakuna kilichotokea.

Ukishawapata

Usianze na kufuta. Anza na kuzima, kwa sababu kuzima kunarudishika:

```
aws iam update-access-key --user-name JINA \
  --access-key-id NAMBA --status Inactive
```

Subiri mzunguko mmoja wa kazi za ofisi upite, ukiwemo ule wa mwisho wa mwezi, kwa kuwa kuna ufunguo unaotumika mara moja tu kwa mwezi na ndio unaolipa mishahara. Kwa mtu aliyekwisha kuondoka kazini, usisubiri chochote: zima nenosiri na funguo zote mbili siku ileile. Kisha ufute kwa utaratibu. Kwa njia ya amri, AWS inakataa kumfuta mtumiaji ambaye bado ana ufunguo, sera au kikundi, hivyo viondoe kwanza, halafu akaunti.

Linabaki jambo moja la kukagua. Kama mtu huyo alikuwa amechukua jukumu kabla hujamfungia, kipindi chake cha jukumu kinaweza kuendelea kuishi hadi saa 12 baada ya akaunti yake kufungwa, kwa kuwa kitambulisho cha jukumu hakitegemei tena akaunti iliyokichukua. Kwenye ukurasa wa jukumu husika ipo nafasi ya kubatilisha vipindi vyote vilivyo hai. Ibonyeze, wajulishe wenzako kwamba watatakiwa kulichukua jukumu upya, kisha andika `.cache clear` na urudie lile swali la orodha ya watumishi mpaka jina lake lisitokee.